Sensa za kupima mikono ya mhudumu wa afya: maswali mnayoniuliza kila siku

Mimi ni nesi mkunga, ila miaka ya karibuni nashinda skil labu, kile chumba cha mazoezi ya vitendo, na wanafunzi kuliko wodini. Tangu tuanze kutumia midoli yenye sensa maswali hayaishi, mengine nakutana nayo mlangoni kabla hata sijafungua kufuli, kwa hiyo nimeyakusanya hapa yote. Ukiyasoma kabla ya kuja pratikali tutakuwa tumeokoa muda, na huo muda tunauhitaji sana mikononi.

Sensa? Si ile ya kuhesabu watu?

Hapana, ila naelewa kwa nini unauliza, maana ile ya 2022 bado tunaikumbuka vizuri. Hii nyingine wengine wanaiita kihisi na ni sawa tu. Ni kidude kinachohisi kitu, inaweza kuwa mgandamizo, mwendo, hewa au joto, halafu kinakigeuza kuwa umeme ambao kompyuta inausoma kama namba. Simu yako imejaa hivyo vidude, ukiilaza skrini nayo ikalala, ujue kuna akselerometa humo ndani imehisi, na ndugu yake huyo huyo ndio anayetumika kupima CPR, yaani kukandamiza kifua na kupumulisha mtu ambaye moyo wake umesimama. Kwenye midoli yetu utakutana zaidi na ya mgandamizo, ambayo mara nyingi ni utando mwembamba kama karatasi uliofichwa chini ya ngozi ya mpira, ukiubonyeza ukinzani wa umeme unabadilika na mashine inajua umebonyeza wapi na kwa nguvu gani. Nyingine inapima kina kifua kinavyoshuka, nyingine inapima hewa inayoingia kwenye mapafu ya mdoli. Basi, ukishajua hivyo vitatu umeshajua karibu vyote vya hapa kwetu.

Mwalimu yupo amesimama na cheklisti yake, anaona kila kitu. Sensa ya nini tena?

Hili ndio swali kubwa kuliko yote na naomba nilijibu taratibu.

Mwalimu anaona vingi kweli. Anaona umenawa, anaona mkono umeuweka wapi, anasikia unavyoongea na mama, anajua kama umeruka hatua. Asichoona ni nguvu. Watu wawili wanaweza kuweka vidole sehemu ile ile kwenye titi, wakazungusha vile vile, mmoja anafika chini kabisa kwenye ukuta wa kifua na mwingine anapapasa ngozi tu, na wewe uliyesimama pembeni na kalamu yako huwezi kuwatofautisha, hata ukiwa na uzoefu wa miaka 30.

Kuna daktari wa upasuaji Marekani anaitwa Carla Pugh, ametumia miaka mingi kuweka sensa ndani ya midoli ya kuchunguzia matiti na via vya uzazi vya mwanamke. Mwaka 2015 yeye na wenzake walichapisha kwenye jarida la New England Journal of Medicine matokeo ya madaktari 553, na hao sio wanafunzi jamani, ni madaktari wanaotibu watu kila siku. Waliwapa matiti ya bandia yenye uvimbe ndani wayachunguze. Kama asilimia 15 hivi walikuwa wanachunguza kwa namna ambayo uvimbe ulioko chini, karibu na ukuta wa kifua, ungeweza kuwapita kabisa, maana kuufikia ule kulihitaji nguvu inayozidi nyutoni 10 na wao walikuwa wanabonyeza chini ya hapo.

Inauma ukiifikiria. Mwanamke ameacha biashara yake, amelipa nauli, amevua nguo mbele ya mtu asiyemjua, ameambiwa titi lako liko salama mama nenda nyumbani, na aliyemwambia anaamini kabisa anachosema kwa sababu tangu chuo hakuna aliyewahi kumwonyesha kwamba vidole vyake havifiki.

Na mimi nimepitia. Kwenye mtihani wangu wa CPR nilipata alama zote, mkaguzi akaniandikia "vizuri sana". Miaka mingi baadaye nikapiga magoti kwenye mdoli wenye sensa, nikakandamiza dakika mbili nzima kwa kujiamini, na kioo cha kompyuta kikanionyesha kwamba kina nakipata lakini sikiachii kifua kipande juu hata mara moja, naegemea muda wote. Kifua kisipopanda moyo haujai damu, na moyo usipojaa unakandamiza kitu kitupu. Nilikaa pale sakafuni nikiwakumbuka wagonjwa mmoja mmoja. Aliyenisahihisha hakuwa mzembe, ni kwamba kule kuegemea ni sentimita moja au pungufu ya hapo, jicho gani litaiona mtu akiwa anapanda na kushuka mara 110 kwa dakika?

Nyutoni 10 ndio kiasi gani sasa?

Chukua kilo moja ya sukari, iweke kwenye ncha za vidole vitatu vya kati. Huo uzito unaousikia ndio karibu nyutoni 10. Wengi wakijaribu wanashtuka, wanasema sista hii si itamuumiza mgonjwa? Ukifika hapo polepole haimuumizi, ila usianze nayo. Uchunguzi wa titi una mgandamizo wa aina tatu kila sehemu unayopita, mwepesi wa juu kwenye ngozi, wa kati, halafu wa chini kabisa, na ni huo wa tatu ndio watu wanauruka kwa woga au kwa aibu. Mweleze mama kabla, mwambie sasa nitabonyeza kidogo zaidi, ikiuma niambie.

Kwenye CPR mdoli unapima nini hasa?

Kwa mtu mzima unapima kina, kiwe angalau sentimita 5 na kisizidi 6. Unapima mwendo, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Unapima kuachia, kama nilivyosema hapo juu. Unapima mikono iko katikati ya kifua au imeteleza kwenye mbavu. Na unapima muda ambao haukandamizi, na hapa ndio wanafunzi wengi wanaangukia, maana mtu anakandamiza vizuri kabisa halafu anasimama sekunde 15 anatafuta maski, anageuka kumuuliza mwenzake, anarekebisha glavu, na muda wote huo ubongo haupati damu. Ukisimama kupumulisha isizidi sekunde 10.

Midoli ya CPR sio kitu kipya, ule maarufu wa Resusci Anne ulitengenezwa na Åsmund Laerdal huko Stavanger, Norway, mwaka 1960, na midoli mingi imekaa miaka na miaka na kile kisauti cha "klik" tu cha kukuambia umefika. Klik inasaidia lakini haikuambii umeachia, haikuambii umepitiliza. Chama cha moyo cha Marekani, AHA, kimeamua kwamba kuanzia tarehe 31 Januari 2019 kozi zake za CPR ya mtu mzima lazima zitumie kifaa kinachompa mwanafunzi majibu hapo hapo anapokandamiza. Mimi nakubaliana nao kabisa. Ukisubiri kumwambia mtu kosa lake baada ya dakika mbili, mikono yake imeshasahau ilichokuwa inafanya.

Mbona nikifanya kitandani namba inakuwa nzuri kuliko sakafuni?

Kwa sababu unakandamiza godoro. Kile kifaa cha akselerometa kinachowekwa juu ya kifua kinajua tu kwamba kimeshuka sentimita 5, hakijui kama 3 ni za kifua na 2 ni za godoro. Weka ubao chini ya mgongo. Mdoli wenye sensa ndani hauna shida hii sana kwa sababu unapima kifua chake wenyewe, ila wodini mgonjwa hana sensa ndani, kwa hiyo zoea ubao.

Mimi ni mwembamba, kilo 48, kweli nitafika sentimita 5?

Utafika. Tatizo karibu kila mara ni viwiko vimekunjwa na mtu anatumia misuli ya mikono. Nyoosha viwiko, mabega yako yawe juu ya viganja, magoti yaguse ubavu wa mdoli, acha kiwiliwili kishuke. Ukiwa kitandani panda juu ya stuli, usione aibu. Sensa itakuonyesha kitu kingine, kwamba kwenye dakika ya pili kina kinaanza kupungua taratibu na wewe mwenyewe huhisi, unaona bado uko fiti. Ndio maana tunapokezana kila dakika mbili hata kama hujachoka.

Na ule mdoli wa mtoto mchanga?

Hapa ndio moyo wangu ulipo, kwa hiyo nivumilie.

Katika watoto 100 wanaozaliwa, kama 85 wanalia na kupumua wenyewe, kama 10 wanaanza ukiwakausha na kuwasugua mgongo, na wanaobaki, kama 5 hivi, wanahitaji begi na maski, yaani kusukumiwa hewa mapafuni kwa mkono, na wanahitaji ndani ya ile dakika ya kwanza tunayoiita dakika ya dhahabu. Wachache, ila usiku ukiwa peke yako leba huyo mmoja ndio dunia nzima.

Sasa kupumulisha mtoto ni kazi ya mkono kuliko kazi yoyote ninayoijua. Juzi kuna mwanafunzi alikuwa anabonyeza begi kwa bidii, anahesabu kwa sauti nzuri, kichwa cha mdoli kimekaa sawa, mimi mwenyewe kwa mbali nikaona yuko vizuri. Kishikwambi kikawa kinaonyesha hewa haiingii. Nikasogea, nikainama hadi usawa wa meza, nikaona upande wa shavu la kushoto ukingo wa maski umenyanyuka, upenyo wa upana wa ukucha tu, hewa yote inatokea hapo. Nikamshika kile kidole cha tatu nikakishusha kwenye taya ya mdoli, sio kwenye nyama laini ya chini, kwenye mfupa, taya likavutwa kwenda juu kukutana na maski. Gumba na kidole cha shahada vimezunguka maski kama herufi C, vitatu vilivyobaki viko kwenye taya. Akabonyeza tena, kifua kikapanda. Akaniangalia, macho yamejaa machozi, akasema sista mwezi uliopita leba nilibonyeza hivi hivi.

Sikuwa na la kumwambia, nikamwambia rudia.

Na kitu ambacho nataka kila mtu ajue, haya mambo hayajatoka mbali, mengi yamefanyiwa kazi hapa hapa Tanzania. Hospitali ya Haydom, Mbulu mkoani Manyara, walianza kutumia mafunzo ya Helping Babies Breathe, yale ya kumsaidia mtoto mchanga apumue, yalipoingia kama 2010. Walifundisha siku moja, watumishi wakafanya vizuri sana kwenye mdoli, halafu walipoangalia leba wakakuta yanayofanyika kwa watoto wenyewe hayajabadilika. Hebu fikiria, mafunzo mazuri, vyeti, halafu hakuna kilichobadilika. Wakageuza utaratibu, badala ya semina ya siku nzima wakaanza mazoezi mafupi ya dakika chache, mara kwa mara, mdoli uko pale pale jirani na leba. Vifo vya watoto ndani ya masaa 24 vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Pia Haydom waliweka vifaa vya kupima kwa watoto wenyewe wakati wanapumulishwa, sio midoli, wakapima presha ya hewa, hewa inayoingia na kutoka, mapigo ya moyo na kabondayoksaidi inayotoka na pumzi. Hiyo ya mwisho nzuri sana kuifahamu, kama kabondayoksaidi inatoka ujue hewa yako imefika kwenye mapafu, kama haitoki unapuliza shavuni.

Baadaye ukaja mpango wa Safer Births Bundle of Care, vituo 30 kwenye mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, ukiwa na vifaa vya kusikiliza moyo wa mtoto, midoli ya mazoezi inayotoa majibu, na utaratibu wa kukaa kila wakati kuangalia data za kituo chenu wenyewe. Matokeo yalichapishwa 2025, vifo vya watoto wakati wa uchungu na siku ya kwanza vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila 1,000. Nisiseme uongo, huo ulikuwa mkusanyiko wa vitu vingi kwa pamoja, huwezi kuinua mkono ukasema ni sensa iliyofanya. Ila mazoezi mafupi ya mara kwa mara yalikuwa kiini chake.

Kwa hiyo cheti changu cha semina hakina maana?

Kina maana, kinaonyesha ulikuwepo na ulijifunza. Mkono lakini unasahau haraka kuliko kichwa. Dakika 5 kila wiki ni bora kuliko siku nzima mara moja kwa mwaka, na mdoli unaokuonyesha hewa imeingia au haijaingia unakuruhusu ufanye hizo dakika 5 hata mwalimu akiwa hayupo. Kwangu mimi hiyo ndio faida yake kubwa kuliko zote, kuliko hata kupima.

Upasuaji nao wanapimwa?

Ndio, kwa namna nyingine. Imperial College kule London walitengeneza mfumo wa kufunga sensa za mwendo mgongoni mwa mikono ya daktari wakati anashona au anafunga nyuzi, halafu kompyuta inahesabu mikono imesogea mara ngapi, imesafiri umbali gani, imechukua muda gani. Mzoefu anakuwa na miendo michache na njia fupi, anayeanza anahangaika, anafika, anarudi, anashika tena. Sisi hatuna hiyo na sioni ni ya haraka kwetu. Mwalimu mzuri wa thieta hilo la kuhangaika analiona kwa macho, la nguvu ndio hawezi.

Sensa inaweza kunifelisha mtihani?

Hapa kwetu hapana, na nitapinga ikifika huko bila maandalizi. Mtihani wa vitendo wa vituo, ule tunaouita oski, ulianzishwa na Ronald Harden na wenzake Dundee, Scotland, miaka ya 1970, na lengo lilikuwa kila mwanafunzi apimwe kwa kipimo kimoja badala ya kutegemea umeangukia kwa mkaguzi gani. Sensa inaongeza haki kwenye lengo hilo hilo. Lakini ili iwe haki lazima iwe imekaguliwa. Utando wa mgandamizo unachoka, springi ya kifua inalegea, mdoli uliokandamizwa na wanafunzi 400 sio sawa na ulioko kwenye boksi, na mmoja akipata mlaini mwingine akapata mgumu tumerudi kule kule. Kabla ya kila mzunguko mimi naweka jiwe la mizani la kilo moja juu ya sensa naangalia kama inasoma karibu 10, isiposoma mdoli unatoka.

Kingine, kuwa makini usije ukaanza kuifukuzia taa ya kijani. Nimeona mtu anakandamiza vizuri macho yote kwenye kishikwambi, mwenzake anamwambia mgonjwa ametapika, hasikii. Ndio maana raundi ya mwisho nageuza kioo kiniangalie mimi.

Nini sensa haiwezi kupima?

Haijui kama ulimfunika mama baada ya kumchunguza. Haijui kama ulimwita jina lake, kama ulieleza, kama mikono yako ilikuwa ya baridi. Haijui kama uliamua sawa, maana unaweza kupumulisha vizuri sana mtoto ambaye alihitaji tu kukaushwa. Haya yanabaki kwa mwalimu, na mimi nasema afadhali, kwa sababu mashine ikishika kazi ya kuhesabu kina na mwendo, macho ya mwalimu yanapata nafasi ya kuyaangalia hayo.

Namba zangu nani anaziona?

Za mazoezi unaziona wewe na mimi. Hazibandikwi ukutani, haziendi kwa mkuu wa chuo. Kuna sehemu walibandika majina na alama, wiki iliyofuata waliokuwa chini hawakukanyaga tena labu, na hao ndio waliohitaji kuja. Chuo chochote kinachonunua hivi vifaa kiamue hili mapema na kiwaambie wanafunzi wazi.

Kituo chetu hakina hela ya mdoli wa hivyo, tufanyeje?

Swali zuri na linatoka sana vituo vya mbali. Mizani ya kidijitali ya jikoni ni sensa ya mgandamizo, hakuna tofauti kubwa ya ndani. Weka sponji nene juu yake, bonyeza kwa vidole vitatu bila kuangalia, sema "sasa hivi nipo kilo moja", halafu angalia. Mara ya kwanza wengi wanakuta gramu 300 au 400. Rudia mpaka vidole vijue vyenyewe. Kwa mwendo wa CPR pakua programu ya metronomu, ile inayopiga mdundo, kwenye simu iweke 110 kwa dakika, bure kabisa. Kwa kuachia, mwenzako apitishe karatasi chini ya kiganja chako kifua kikiwa juu, ikigoma kupita unaegemea. Na kwa mtoto, mdoli wa kawaida wa mazoezi usio na umeme wowote kifua chake kinapanda hewa ikiingia, kwa hiyo inama, weka jicho usawa wa kifua, mwenzako ahesabu sekunde kwa sauti kuanzia mtoto "anazaliwa" hadi pumzi ya kwanza inayopandisha kifua, aandike kwenye daftari na tarehe. Fanyeni mkibadilishana zamu, watu wawili, asubuhi moja usiku moja, na hilo daftari likae leba, sio ofisini.